Farasi Hujifunza Mkono Unapolegea

Lori la taka linakuja katika barabara ya Mwakirunge, Kisauni, likielekea jaani. Turubai lake limefungwa nusu, linapigapiga kwa upepo. Tuseme kando ya barabara yupo farasi aliyebeba mtoto. Farasi mzima aghalabu huwa na kilo 400 hadi 500. Akishaamua kukimbia, hakuna mkono wa kumzuia. Kitakachomwokoa mtoto yule ni mafunzo aliyopewa farasi miezi mingi kabla ya siku hiyo.

Tuanze na macho. Yako ubavuni mwa kichwa, kwa hiyo farasi huona karibu pande zote, isipokuwa kipande kidogo mbele ya paji la uso na kingine nyuma ya mkia. Ni mnyama wa kuwindwa: akishtuka hukimbia kwanza, kutazama baadaye. Kiboko hakiiondoi tabia hiyo. Humfundisha tu kwamba lori huja na maumivu.

Mkufunzi anayeijua kazi huanza bila mpandaji. Hutandaza turubai juu ya ua, kisha humsimamisha farasi kwa kamba mahali ambapo masikio yanasimama lakini miguu imetulia. Hapo hungoja. Shingo ikishuka na pumzi ikitoka ndefu, hulegeza kamba papo hapo na kumrudisha nyuma kidogo. Kisha humsogeza tena, hatua moja mbele zaidi. Siku nyingine turubai hutikiswa. Baadaye injini hunguruma. Kila zoezi hufanywa kushoto na kurudiwa kulia, kwani alichokizoea kwa jicho moja chaweza kumshtua akikiona kwa la pili.

Mwandishi Mgiriki Xenophon alishaeleza, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwamba farasi mchanga atembezwe penye watu na kelele, na anachokiogopa aonyeshwe kwa upole kuwa hakina madhara.

Kiini cha kazi yote ni kulegeza. Hatamu ikivutwa, lijamu hubana mdomo. Farasi akisimama na mkono ukalegea mara moja, anajua kuwa kusimama ndiko kunakoondoa mbano. Mkono ukiendelea kuvuta, anajifunza kwamba kutii hakumpunguzii taabu, naye huacha kusikiliza. Farasi wa kubebea wageni ufukweni yumo hatarini zaidi, maana kwa siku moja hushikwa na mikono mingi isiyojua. Mgeni wa namna hiyo atembezwe na mwenye farasi kwa kamba, hatamu zikae legelege.

Basi mzazi, kabla hujampandisha mwanao, mwombe mwenye farasi apande yeye kwanza. Amsimamishe, kisha alegeze hatamu. Hesabu hadi 10. Farasi akianza kuondoka mwenyewe kabla hujamaliza, mshike mwanao mkono mwende zenu.