Dhana ya Siri katika Fomu za Ridhaa: Uhakiki wa Maadili ya Utafiti wa Tishu za Ubongo

Fomu nyingi za ridhaa za Kiswahili humwahidi mshiriki kuwa taarifa zake zitakuwa siri, yaani jina litaondolewa na namba itawekwa. Kwa majibu ya hojaji ahadi hiyo huenda ikatosha. Kwa tishu haitoshi. Mwaka 2013 Madeline Lancaster na Juergen Knoblich walionyesha, kutoka Vienna, kuwa chembehai za binadamu zinaweza kuoteshwa maabara zikawa tishu ya ubongo. Tishu hiyo hubeba DNA ya mtoaji. Mwaka huohuo jinomu ya chembehai za Henrietta Lacks, aliyefariki 1951, ilichapishwa bila ridhaa ya familia yake, kisha ikaondolewa baada ya malalamiko.

Pemba nayo imo. Utafiti wa AMANHI, ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, ulihifadhi damu na vipande vya kondo la nyuma vya wajawazito wa kisiwa hicho. Shabaha yake ilikuwa afya ya uzazi, si ubongo. Hata hivyo, damu iliyohifadhiwa huishi kuliko shabaha ya kwanza. Mtu wa Konde hujulikana kwa baba na babu. Namba humficha yeye, haifichi nasaba anayochangia na binamu zake. Neno "sampuli" nalo ni jepesi mno katika lugha inayomtambua mtu kwa pale kilipozikwa kitovu chake. Fomu inayotaja "tafiti zijazo" bila kutaja uoteshaji wa ubongo imeomba ridhaa ya jambo ambalo mama hakuelezwa.