Siku Jack Bauer alifika kwetu

Wandugu, wengi wetu tulimjua Jack Bauer kwa Kifaransa. Kwetu sauti yake si ya Kiefer Sutherland, ni ya Patrick Béthune, ile nzito yenye mikwaruzo. Mpaka leo nikisikia Jack anaongea Kiingereza naona kama mtu amemwibia mdomo. Tulimpenda sana. Kule Goma, kurani ikikatika katikati ya episodi, hakuna aliyesimama. Tulikaa tu mu giza, tukingojea jenereta.

Juma lililopita nimeangalia tena « 24: Redemption ». Ni filamu ya televizyo iliyotoka tarehe 23 Novemba 2008 kuunganisha sezoni ya 6 na ya 7, ju mgomo wa waandishi wa Marekani ulikuwa umechelewesha kila kitu. Saa inakimbia vilevile, kutoka saa tisa mpaka saa kumi na moja mchana. Lakini safari hii Jack hayuko Los Angeles. Iko Sangala, nchi ya Afrika isiyo kwenye ramani yoyote (waliipiga Afrika Kusini). Anaishi kwenye shule ya rafiki yake Benton, huku Seneti ya Marekani inamwita akajibu juu ya watu aliowatesa. Jenerali Juma anataka kupindua serikali, na watu wake wanakuja kutafuta watoto wa kuwapa bunduki.

Bakadogo. Sisi hatuhitaji kuelezwa. Mwezi ule wa filamu nilikuwa na miaka 12. Mwisho wa Oktoba CNDP walikuwa wamefika karibu kabisa ya Goma, na Kibati ilijaa wakimbizi. Filamu yenyewe niliiona baadaye, mu sinema ya kartye, kwenye benchi la mbao. Jack alipoanza kupiga wale waasi nilipiga makofi mpaka mikono ikaniuma. Nilikuwa namkasirikia kidogo pia: mbona hukukuja kwetu?

Sasa naiangalia na macho mengine. Kitu kizuri kuliko vyote humu ndani ni mlango wa ambasade. Jack amewaleta watoto mpaka pale, mji unaanguka nyuma yao, na Tramell, yule afisa aliyekuwa anamfuata na convocation yake, anampa bei: watoto wataingia kama wewe unajitoa. Sezoni sita Jack alifungua milango kwa bastola ao kwa kelele. Huu unafunguka kwa sababu anakubali karatasi. Hakuna risasi, na roho inakupanda kushinda vita yote iliyotangulia. Mtu aliyekwisha kusimama mbele ya ofisi na dossier mkononi, akiambiwa « ngoja kwanza », anaelewa ile scene bila soustitre.

Benton pia amenigusa. Anakanyaga bomu la ardhini, anajua akitoa mguu amekufa, anabaki pale ili wengine wakimbie, na anangojea askari wamzunguke. Robert Carlyle anacheza bila kulialia. Mimi niliyesoma agronomia naangaliaga udongo mu kila filamu, ni ugonjwa. Na mu Sangala udongo ni wa kukimbilia tu ao wa kulipuka. Sikuona mtu na jembe. Hawa watu wanakula nini?

Yule Solenz wa Umoja wa Mataifa, anayekataa kusaidia na kwenda kujificha, alichekesha sinema nzima. Leo naona ni kazi rahisi ya mwandishi: unamfanya mmoja kuwa mwoga ili Jack aonekane mrefu.

Lakini deni kubwa ni watoto. Wanakimbia, wanalia, wanahesabiwa. Willie tunamjua kidogo, wengine ni kundi. Hawagombani, hawataniani. Novemba ile kwetu walifika binamu zangu wanne kutoka Rutshuru, wakalala mu salon juu ya matela moja. Usiku wa kwanza walipigana ju ya nani atalala pembeni ya ukuta, kisha wakacheka mpaka mama akawafokea, ju baba alikuwa anakoroma sawa camion. Na walikuwa wametembea siku mbili. Mwandishi wa filamu hii hajawahi kulala kwenye ile salon. Kwake mtoto wa vita ana kazi moja, kungojea Jack.

Ndiyo maana niliiona tena na sezoni ya 7, nikitafuta Willie amekuwa nini. Hadithi inahamia Washington. Juma mwenyewe anafika mpaka kushambulia White House, na Sangala inabaki jina ambalo watu wenye kravati wanalitaja mu ofisi. Willie hatumwoni tena. Ile helikoptere ilimpeleka wapi?