Kulikagua Gitaa Kuukuu Lililopachikwa Shingo Upya

Gitaa la mbao lenye nyuzi za chuma hubeba, mchana na usiku, mvuto wa nyuzi sita unaokaribia kilo 70 kwa jumla, na mvuto huo haupungui hata chombo kinapotundikwa ukutani baada ya Misa. Basi si ajabu kwamba, miaka 30 au 40 ikipita, kifua cha gitaa huzama kidogo kuelekea tundu la sauti, mbavu zake hujongea kwa kiasi ambacho jicho halikitambui, na shingo, ambayo mtengenezaji aliipachika kwa pembe maalumu, huvutwa mbele hata nyuzi zikapaa mbali na freti, vidole vya mpigaji vikaumia, na sauti za juu zikatoka zimepotoka. Dawa ya maradhi haya ni moja tu, nayo ni kuing'oa shingo na kuipachika upya kwa pembe yake ya haki. Kazi hiyo ikifanywa kwa ustadi, gitaa huishi umri wa pili. Ikifanywa kwa hadaa, mnunuzi huuziwa maiti iliyovikwa sanda safi.

Magitaa ya umri huo si haba hapa Tosamaganga, mkoani Iringa, na katika vijiji vinavyoizunguka. Yako yaliyoingia mikononi mwa kwaya baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufungwa mwaka 1965, ala na lugha za wenyeji zilipopewa nafasi pana zaidi katika ibada. Na yako yaliyorudi na wanaume wa pande za Mbeya na Rungwe waliokwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Hamu ya ala yenyewe ilikwisha kuamshwa katika miaka ya 1950, wakati nyimbo za Frank Humplick wa Moshi, aliyeimba pamoja na dada zake, na za Mwenda Jean Bosco wa Katanga, zilipokuwa zikienea kwa santuri. Mhehe aliyepiga ligombo hakuijua dhiki hii ninayoieleza, kwa sababu ala yake haina shingo ya kupachikwa; gitaa ndilo lililotuletea kiungo, na pamoja nacho haja ya kukijua.

Anayetaka kulikagua gitaa na aanze na rula ya chuma iliyonyooka barabara. Akiisha kuhakikisha kwamba shingo yenyewe haikupinda, ailaze rula juu ya freti, katikati, mpaka ncha yake ifike kwenye daraja. Rula ikigonga paji la daraja chini ya mgongo wake, shingo imekwenda mbele. Ikigusa mgongo au kupita juu yake kwa unene wa karatasi, pembe ni sahihi. Katika gitaa lililotengenezwa vizuri, mfupa unaobeba nyuzi hutokeza juu ya daraja milimita 3 hivi, nyuzi huwa milimita 12 au 13 juu ya kifua, na kwenye freti ya 12 uzi mnene huinuka takriban milimita 2.5 na ule mwembamba chini kidogo ya 2. Vipimo hivi sharti visadikiane. Ukikuta nyuzi ziko chini vizuri kwenye freti ya 12, ilhali mfupa umezama hata hauonekani na daraja limepigwa randa likawa jembamba, fahamu kwamba shingo haikuguswa kamwe: fundi amekata daraja ili kuficha aibu ya shingo, na nyuzi, kwa kuwa hazikandamizi tena mfupa kwa pembe ya kutosha, zitatoa sauti dhaifu isiyofika mwisho wa kanisa.

Kabla ya kuihukumu shingo, tia kioo kidogo na tochi ndani ya tundu la sauti, uzitazame papi zinazokitegemeza kifua. Papi moja iliyobanduka huweza kuinua nyuzi kama vile shingo iliyosogea, na kuing'oa shingo kwa sababu ya papi ni kumtibu mgonjwa maradhi asiyokuwa nayo.

Hapa kwetu pana jambo ambalo vitabu vya ng'ambo hulipitia juu juu, nalo ni majira. Mvua za Iringa huanza aghalabu mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Kisha huja baridi ya Juni na Julai, na baada yake upepo mkavu wa Agosti hadi Oktoba, unaokausha kila kitu cha mbao ndani ya nyumba. Wakati wa ukavu kifua cha gitaa hunywea na kushuka, nyuzi zikashuka pamoja nacho, na gitaa lenye ila likajifanya zima. Masika yakirudi, mbao hunywa unyevu, kifua huinuka, na ila hudhihirika. Kwa hiyo gitaa linalopimwa mwezi wa Septemba likaonekana limefaulu kwa shida, hesabu kwamba halikufaulu. Lililotoka Tanga au Unguja, kwenye unyevu wa bahari, lisipimwe siku liliposhuka kwenye basi; liache lizoee hewa ya nyanda za juu kwa majuma kadhaa, kwa maana mbao zake bado zinanywea na kiungo chake hakijatulia.

Sasa niingie katika kiungo chenyewe, maana humo ndimo ustadi unamokaa. Magitaa mengi ya zamani ya nyuzi za chuma huungwa kwa ulimi wa mbao uliochongwa ukapanuka kuelekea ndani, unaoteremshwa katika mfuo wenye umbo hilo hilo. Fundi hulegeza kwa chuma cha moto ile sehemu ya ubao wa freti iliyogundishwa juu ya kifua, hung'oa freti ya 15, hutoboa kitundu chembamba chini yake, na kupitisha mvuke mpaka gundi iachie. Gundi ya ngozi, waliyoitumia mafundi wa kale, hulegea ikipata nyuzijoto 60 hivi. Ijapokuwa maji ya Tosamaganga, kwa ajili ya mwinuko wake, huchemka karibu na nyuzijoto 95, mvuke wake watosha na kuzidi.

Shingo ikiisha kutoka, mbao huondolewa kwenye kisigino, yaani tako la shingo linaloukalia ubavu wa gitaa, si kwenye ulimi, na huondolewa kidogo mno. Chukua gitaa lenye uzi wa milimita 645, lililoungwa kwenye freti ya 14: kutoka kiungo hadi mfupa wa daraja ni milimita 287. Kama rula ilipungukiwa na milimita 3 kuufikia mgongo wa daraja, na kisigino kina urefu wa milimita 90, basi kinachopunguzwa chini ya kisigino hakifiki hata milimita 1, na juu, karibu na kifua, hakipunguzwi kitu. Fundi mwenye subira huumaliza mkato huo kwa kuvuta utepe wa msasa kati ya kisigino na ubavu, mpaka mbao zikutane kila mahali. Kwa kila anachokata, ulimi nao hulegea ndani ya mfuo. Huujaza kwa vipande vyembamba vya mbao ngumu ubavuni, hata shingo ikae kavu, bila tone la gundi, na usiweze kuitikisa.

Hapo ndipo ningependa mnunuzi awepo karakanani. Fundi anayejiamini atakuruhusu uishike shingo kabla ya gundi. Kama kazi imekwisha, jaribu kupenyeza karatasi nyembamba kati ya kisigino na ubavu, kuanzia juu hadi chini, pande zote mbili, isiingie popote. Ukiona unga wa mbao uliokandwa kwa gundi umejaza ufa, au parafujo iliyopitishwa kisigino na kufunikwa kwa kizibo, au gundi ya epoksi inayong'aa kama kioo, rudisha gitaa kwa adabu. Parafujo yaweza kushika, sikatai. Lakini baada ya miaka mingine 30 shingo hii itahitaji kung'olewa tena, na fundi wa siku hizo atakuta mlango uliopigiliwa misumari.

Tazama pia nyuzi mbili za pembeni kutoka freti ya kwanza hadi ya mwisho: ziwe na nafasi sawa na kingo za ubao. Weupe kidogo wa vanishi karibu na kisigino, ulioachwa na mvuke, si ila kubwa.

Magitaa ya nyuzi za nailoni yaliyojengwa kwa desturi ya Kihispania yana hukumu nyingine, kwa sababu mbavu zake huchomekwa ndani ya kisigino chenyewe, na shingo haitoki bila kuvunja mwili. Mtu akikwambia amelipachika shingo upya gitaa la namna hiyo, muulize alikata wapi, kisha ukague kisigino kwa tochi.