Waya wa Shaba na Kitako cha Bunduki

Majuzi msee alitupa picha kwa grupu yetu ya hapa Kambi Muru: Lee-Enfield ya kitambo, mbao ya chini ya mtutu imezungushiwa waya wa shaba, mizunguko imebanana kama shanga. Chini ameandika, "Urembo wa Kiafrika." Watu wakashangilia. Mimi nikakataa.

Waya huo ulifungwa na karakana ya jeshi. Waingereza na jeshi la India walifunga Enfield hivyo ili zirushe guruneti. Kishindo chake ni kikubwa kuliko cha risasi ya kawaida, kinaweza kupasua mbao, kwa hivyo waya unaishikilia. Ugomvi wangu ni huo: tukiona alama tusiyoijua kwa kitu cha kale, tunaiita utamaduni, tunasonga mbele.

Msomaji mzuri huuliza kwanza: hii ilifanya kazi gani? Misumari ya shaba iliyopangwa vizuri kwa kitako, sawa, huenda ni urembo. Ngozi mbichi iliyoshonwa kwa shingo ya kitako ni dawa ya ufa, maana ikikauka inajikaza. Nao Mau Mau wakienda msituni hawakungoja karakana ya mtu. Bomba la maji likawa mtutu, komeo la mlango likapiga risasi, mpira wa gurudumu ukawa springi, na kitako kikachongwa kwa mti uliopo. Hapo kila mkato una sababu.

Lakini alama inayoniuma ni ndogo kuliko waya. Enfield nyingi za kabla ya 1916 zina kipande cha shaba, duara kama sarafu, kwa kitako. Hapo jeshi liligonga kikosi na nambari ya bunduki. Ikipotea, inajulikana ni ya nani.

Sasa tazama mtaa wetu. Kibera ilianza na askari Wasudani wa KAR, jeshi lililoundwa 1902. Ndiyo maana hadi leo tunasema "kambi". Mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa hifadhi ya kijeshi. Hatimiliki ya Wanubi ilikuja 2017, na ni ya ekari 288. Bunduki iliandikwa siku ya kwanza. Familia ya aliyeibeba ilingoja karibu miaka mia.

Kwa hivyo, msee wangu, picha ni poa. Lakini igeuze upande wa pili, tuone hicho kipande cha shaba.