Mshipa Unaojirudia: Kuzisoma Kuta za Sebule za Sombetini

Mshipa wa kahawia unaanzia juu kushoto, unashuka kwa mshazari, unagawanyika nyuma ya televisheni, kisha unapotea. Kwenye paneli ya pili mshipa uleule unaanzia palepale na kugawanyika palepale. Ya tatu vivyo hivyo. Ndivyo unavyosomeka ukuta wa sebule mpya za Sombetini, hapa Arusha: paneli nyepesi za PVC za rangi ya krimu, zilizochapwa sura ya marumaru na kubandikwa kwa gundi juu ya plasta.

Wapo wanaozikataa kwa neno moja: feki. Neno hilo halitoshi. Kuuvika ukuta ngozi ya jiwe ni desturi ya kale. Hagia Sophia ya Istanbul, iliyokamilika mwaka 537, ina kuta za matofali. Marumaru yake ni mabamba tu, jiwe moja likipasuliwa na vipande vyake kuwekwa ubavu kwa ubavu ili mishipa itazamane. Kwenye msikiti wa Kizimkazi, Unguja, maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107 yamechongwa kwenye matumbawe upande wa kibla: ufundi wote umewekwa pale macho ya waumini yanapoelekea. Sebule inayotunza ukuta mmoja unaotazamwa na wageni inafuata busara hiyohiyo.

Tena paneli yenyewe si plastiki tupu. Kwa kawaida huchanganywa na unga wa kalisi kabonati, madini yaleyale yanayounda marumaru. Tofauti ni kwamba marumaru ilipikwa na joto na mgandamizo wa ardhi, na hii imesagwa kiwandani.

Wepesi nao ni sehemu ya umbo. Bamba la marumaru halisi la futi 4 kwa 8, lenye unene wa sentimita 2, lina takriban kilo 160. Paneli ya milimita 3 fundi huiinua mwenyewe. Na uzito huo si jambo dogo hapa: tuko jirani na Bonde la Ufa, na ardhi hutetemeka. Tetemeko la mlima Gelai la Julai 2007 lilisikika hadi mjini Arusha. Kwenye nyumba iliyojengwa kidogokidogo, kadiri fedha zilivyopatikana, nisingetaka kilo 160 zining'inie juu ya kochi.

Kasoro iko kwenye kona. Jiwe lina ndani, na mshipa wake hupenya hadi upande wa pili. Paneli ikizungushwa kwenye nguzo ya baraza, mshipa hufika ukingoni ukakatika ghafla, na unene wake mdogo unajitokeza. Nguzo inadai kuwa jiwe zima, na jicho linakataa.

Mkanda wa dhahabu unaofunika viungo hubezwa na wengi. Mimi nautetea. Unafanya kazi ya pindo la kanga: unatamka kwamba mchoro umekoma hapa, na kilichomo ndani kinapata mipaka yake. Ukuta wenye mkanda haujifanyi mwamba. Unakiri kuwa ni bamba lililopangwa, na kwa kukiri huko unapendeza. Lakini mkanda uwe mwembamba. Ukiongezewa taa za rangi tatu na maua ya jipsamu, hakuna tena kinachosomeka.

Nje ya nyumba siwezi kuzitetea. Jua la Arusha, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, huzipausha, na kwa kuwa PVC hutanuka kwa joto zaidi kuliko plasta, viungo hufunguka. Karibu na jiko la gesi pia zisiwekwe: PVC ikiungua hutoa moshi wenye sumu.

Kwa hiyo, fundi, kabla ya kupaka gundi zitandaze paneli zote sakafuni, ugeuze moja juu chini ili mshipa usijirudie mbele ya mgeni. Nawe mwenye nyumba, chagua ukuta mmoja, na nguzo ziachie plasta na rangi.