Usukani, Kibawa na Kiungo: Uhakiki wa Istilahi za Uongozaji wa Meli

Miongoni mwa kazi zinazofika mezani petu ili zitazamwe, zipo ambazo makosa yake huonekana mara moja, na zipo ambazo makosa yake yamevaa nguo safi. Rasimu tunayoihakiki hapa ni ya kundi la pili. Ni tafsiri ya kitabu cha mwongozo wa matunzo ya usukani wa meli. Mfasiri wake hatutamtaja, maadam nia yetu ni kuipima kazi wala si kumvunja moyo mtu. Kiswahili chake ni fasaha, sarufi yake haina doa, na msomaji mwenye haraka aweza kuifunga akiwa ameridhika. Sisi tuliisoma kwa haraka mara ya kwanza, nasi tuliridhika.

Kilichotuzindua ni swali la fundi wa magari. Tulikuwa Lushoto kwa siku mbili, tukiipitia rasimu hiyo pamoja na walimu wa ufundi na watumishi wachache wa mahakama. Wapo waliotuuliza ni kwa nini istilahi za meli zipandishwe mlimani Usambara. Jibu letu lilikuwa kwamba istilahi iliyojaribiwa mbele ya wanaokijua kitu peke yao haijajaribiwa bado. Baharia aweza kulielewa hata neno baya, kwa sababu kitu chenyewe anacho mbele ya macho yake. Asiyekiona kitu hana msaada mwingine ila neno. Tena Lushoto ndipo kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki, yatupasa kutazamia siku ambayo taarifa ya ajali ya chombo itasomwa kwa Kiswahili na hakimu ambaye hajapata kukanyaga sitaha. Neno likimpotosha hakimu huyo, atakayelipa si mfasiri.

Basi ilisomwa ibara yenye maneno haya: "mtambo wa kuendeshea kibawa cha usukani". Fundi mmoja mzee, aliyekuja kwa mwaliko wa mwalimu wake wa zamani, akanyosha mkono akauliza: "Wanangu, huo mtambo unatumia mafuta gani?" Watu walicheka, lakini jibu halikupatikana upesi. Mmoja alidhani unatumia umeme. Mwingine alisema bila shaka una pampu yake. Wote walikosa, wala si kwa ujinga wao. Rasimu ndiyo iliyowaelekeza huko.

Kabla ya kuhukumu, yatupasa kukieleza kitu chenyewe. Usukani wa kawaida wa meli ni bamba moja la chuma linalosimama ndani ya maji nyuma ya rafadha, likizunguka kwenye mhimili wake. Usukani unaoelezwa na kitabu hiki ni wa namna nyingine. Sehemu yake ya nyuma imetengwa na bamba kubwa, ikashikizwa tena kwa bawaba, mithili ya ubao wa dirisha. Sehemu hiyo ndogo ndiyo kibawa. Juu ya kibawa pametokeza fimbo ya chuma inayolala kuelekea mbele ya meli. Fimbo hiyo hupita katika pini yenye tundu iliyofungwa kwenye mwili wa meli, wala haikufungwa kwenye usukani. Pini hiyo haihami. Huweza kuzunguka papo hapo ilipo, na fimbo huweza kuteleza ndani ya tundu lake. Mahali pake ni nyuma kidogo ya mhimili wa usukani, na mbele ya bawaba ya kibawa.

Siri yote iko hapo. Usukani unapogeuka, bawaba ya kibawa huchukuliwa upande pamoja nao, bali fimbo imezuiwa na pini isiyohama. Kibawa kinakosa njia ila kujikunja zaidi kwa upande ule ule. Pini ikiwekwa katikati kabisa, baina ya mhimili na bawaba, usukani ukigeuka nyuzi 10 kutoka mstari wa katikati ya meli, kibawa hufika karibu nyuzi 20 kutoka mstari huo huo. Maji hupindishwa zaidi, na nguvu ya kuigeuza meli huongezeka. Kwa sababu hiyo usukani wa namna hii, ambao mabaharia wengi huuita kwa jina la Becker, kampuni ya mjini Hamburg, hupendwa kwa vyombo vinavyogeuka mahali pembamba na kwa mwendo mdogo.

Msomaji ataona kwamba katika maelezo haya hamna injini, hamna pampu wala waya wa umeme wa kukiendesha kibawa. Pampu na silinda za mafuta zipo, lakini kazi yake ni kuugeuza usukani. Kibawa huazima mwendo wake kutoka kwa usukani kwa njia ya fimbo na pini tu.

Kosa la kwanza la rasimu, basi, ni neno mtambo. Katika Kiswahili cha leo mtambo una nguvu yake, huwashwa na kuzimwa. Mfasiri alipokiita kiungo mtambo, alimfanya msomaji atafute kitu kisichokuwepo. Chukueni mfano wa fundi aliye gatini, naye ameambiwa katika ripoti kwamba "mtambo wa kuendeshea kibawa umesita". Atafungua mlango wa chumba cha pampu, hali kilicholika ni pini iliyo chini ya tumbo la meli, ndani ya maji. Siku nzima imepotea, na chombo kimelala.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo limejificha. Katika sura nyingine ya kitabu hicho kumeelezwa namna tofauti ya kibawa, iliyobuniwa na Mjerumani Anton Flettner, mtu yule yule aliyepata sifa katika miaka ya 1920 kwa meli yenye minara inayozunguka. Katika ubunifu wa Flettner, kibawa ndicho kinachogeuzwa kwanza, tena kwa upande ulio kinyume. Maji hukisukuma kibawa, na kibawa huuvuta usukani mkubwa. Kwa maneno mengine, mdogo anamwongoza mkubwa. Katika usukani wa Becker ni mkubwa anayemwongoza mdogo, na wote wawili huelekea upande mmoja. Rasimu inaviita vyote viwili "kibawa cha usukani", bila ya alama yoyote ya kuvitenga. Fundi atakayebeba maelezo ya sura moja akayatumia kwa kitu cha sura ya pili atakiona kibawa kikielekea upande asioutazamia, naye atakihesabu kuwa kibovu kumbe ni kizima. Istilahi ambayo haisemi nani anamsukuma nani haijafanya kazi yake.

Kosa la tatu linahusu neno usukani lenyewe, na hapa lawama si ya mfasiri peke yake. Neno hili lilizaliwa na watu wa vyombo, nalo lilimaanisha ubao ulio majini nyuma ya chombo. Magari yalipokuja, likatoka baharini likapanda bara. Leo mtoto wa Lushoto anayeshuka na basi hadi Mombo, akizihesabu kona, anaujua usukani kuwa ni gurudumu lililo mikononi mwa dereva. Matumizi yote mawili ni halali. Lakini rasimu inalitumia neno hilo kwa bamba la majini, kwa gurudumu la nahodha, na kwa mpango mzima wa kuiongoza meli, wakati mwingine katika ukurasa mmoja. Tuliwasomea wenzetu sentensi hii ya rasimu: "Usukani ukikatika, simamisha meli." Wenyeji wa Lushoto walimwona nahodha aliyebaki na gurudumu mkononi. Mwenzetu aliyekulia Pangani aliona bamba likizama baharini. Sentensi ni moja, ajali ni mbili.

Wala huu si mchezo wa maneno. Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini wa mwaka 1974 unataka mashine kuu ya kuongozea meli iweze kuuhamisha usukani kutoka nyuzi 35 upande mmoja hadi nyuzi 30 upande wa pili katika muda usiozidi sekunde 28, chombo kikiwa kimezama hadi kina chake cha juu kabisa na kikienda mbele kwa mwendo wake wa juu wa kazi. Msomaji akidhani usukani hapo ni gurudumu, ataliona sharti hilo kuwa jepesi mno, kwani ni nani asiyeweza kulizungusha gurudumu kiasi hicho katika sekunde mbili? Uzito wa sharti ni kwamba linahusu bamba la chuma linaloshindana na maji.

La mwisho ni neno mkono, ambalo katika rasimu limekuwa mtumishi wa kila bwana. Fimbo ya kibawa ni mkono, na chuma kilichopachikwa kwenye kichwa cha mhimili ili kuugeuza usukani nacho ni mkono. Hiki cha pili kina jina tangu zamani: ni kana. Manahodha wa majahazi walikuwa na kana, walikuwa na njari za kuivutia kana hiyo, na walikuwa na rumada za kuushikiza usukani kwenye chombo. Maneno haya yamo katika makamusi yetu. Meli ya chuma imebadilisha ukubwa wa kana na nguvu inayoivuta. Kazi yake haikubadilika. Kumwacha mwenye nyumba nje na kumkaribisha mgeni asiye na jina ni uzembe ambao sisi wa istilahi tumeufanya mara nyingi, na rasimu hii imetukumbusha.

Haki yatutaka tuseme pia yaliyo mema. Neno kibawa ni zuri, ni fupi, na linaonekana, tunaliunga mkono. Kadhalika mfasiri amefanya vyema kuyaacha maneno kama pampu, silinda na pini yalivyo, maana mafundi wetu wanayo vinywani. Wako waliosema Lushoto kwamba kiungo nacho kingeazimwa vivyo hivyo kutoka Kiingereza kwa tahajia yetu, kwani mhandisi atasoma vitabu vya kigeni hata hivyo. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini pini ni kitu ambacho mtu amekishika, hivyo jina la kigeni halimfichi. Kiungo hiki ni mpango wa vitu na uhusiano wake, na jina la kuazima lingemwacha hakimu na karani gizani pale pale walipokuwa. Wala tusidhani kwamba milima haina cha kuipa lugha ya taifa. Neno kitivo, linalotumika leo katika vyuo vikuu vyetu, lilichukuliwa kutoka Upare na Usambara, ambako ni ardhi yenye rutuba.

Kwa hayo, tunapendekeza yafuatayo:

1. Usukani: bamba la majini peke yake. Linaloshikwa na nahodha liitwe gurudumu la usukani, na mpango mzima uitwe mfumo wa usukani.

2. Kana: chuma kinachougeuza mhimili wa usukani.

3. Kibawa fuasi: kibawa kinachogeuzwa na usukani na kuelekea upande ule ule.

4. Kibawa ongozi: kibawa kinachogeuzwa kwanza, kwa upande ulio kinyume, ili kiugeuze usukani.

5. Kiungo fuatishi: fimbo na pini kwa pamoja, zinazokifanya kibawa fuasi kiufuate usukani.

6. Egemeo: pini isiyohama iliyofungwa kwenye mwili wa meli.

Neno mtambo lisitupwe. Liwekwe akiba kwa kibawa chenye injini yake yenyewe, pindi kitakapohitaji jina. Tunakiri pia kwamba kiungo fuatishi lina upungufu: linasema kwamba kibawa hufuata, halisemi kwamba hukunjika zaidi ya kile kinachokifuata. Tulijaribu kulitia jambo hilo ndani ya jina, tukapata jina refu kama mkia wa tiara. Tukaona heri maelezo yake yaachiwe fasili.

Siku ya pili tuliisoma ibara ile upya, tukitumia maneno haya. Fundi wetu mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe hauli mafuta. Basi ni kama tairodi, unapeleka mwendo tu." Hakuhitaji picha. Hatudai kwamba mtu mmoja anatosha kuithibitisha istilahi, wala mapendekezo haya bado hayajasanifiwa. Tunawaomba walimu wa ufundi wayajaribu darasani, wafasiri wayajaribu katika nyaraka za bandari na za vivuko, na mabaharia wa pwani na wa maziwa watuambie kama vinywani mwao limo neno bora kuliko kiungo fuatishi. Likiwemo, tutaliondoa letu bila kinyongo.