Fuvu la Kalenga na Swali la Mtoto

Atokaye Iringa kwenda Kalenga hana safari ndefu. Hapo ndipo palipokuwa boma la Mtwa Mkwawa, mkuu wa Wahehe, na leo pana nyumba ndogo ya makumbusho. Nalikwenda na wanafunzi wangu, nami nataka kuyapima tuliyoyaona, si kuyasifu tu.

Ndani mna mikuki, ngao na marungu; lakini macho ya kila aingiaye huvutwa na kitu kimoja, fuvu la kichwa ndani ya kioo. Watoto walinyamaza kimya. Kisha mdogo wao akaniuliza, "Mwalimu, walijuaje kuwa ndilo?" Swali hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi.

Habari zenyewe ni hizi. Mwezi wa Agosti 1891 Wahehe waliwashinda Wadachi huko Lugalo, na mkubwa wao, Zelewski, akauawa. Mwaka 1894 Wadachi wakaja na mizinga, wakaitwaa Kalenga. Mkwawa akaendelea kupigana porini hata mwaka 1898, alipojiua kwa bunduki asikamatwe. Na maiti yake ikakatwa kichwa. Mwaka 1919 Mapatano ya Versailles, kifungu cha 246, yaliwaagiza Wadachi warudishe fuvu lake katika muda wa miezi sita. Halikurudi. Hata mwaka 1953 Gavana Twining akaenda Bremen, akaonyeshwa mafuvu mengi. Likachaguliwa moja kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya jamaa za Mkwawa, na kwa tundu la risasi. Mwaka 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Mtwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa.

Basi angalieni. Vipimo vya kichwa huweza kufanana kwa watu wengi, wala risasi za vita vile hazikumpata mtu mmoja. Ushahidi huo waelekeza tu, haukati neno. Kwa hiyo wako wataalamu wenye shaka hata leo.

Je, tuidharau nyumba ile? Hasha! Wazee walikuwa wamengoja miaka 56, na heshima waliyoitoa siku ile ilikuwa ya kweli. Lakini shaka nayo ina haki yake. Kama mfupa ule si wa Mkwawa, basi ni wa mtoto wa watu wengine, amelala chini ya jina lisilo lake, na jamaa zake hawana pa kuulizia.

Lawama yangu ni kwetu sisi tuingiao. Twatazama, twashangaa, twatoka, kana kwamba kitu kikiisha kuwekwa kiooni kimekwisha kujieleza. Mfupa hausemi. Hati husema, lakini kila hati ina mwandishi, na mwandishi ana haja yake. Maandishi ya Wadachi na masimulizi ya wazee wa Kihehe yafaa yawekwe bega kwa bega, ndipo tuamue.

Nilimjibu mtoto, "Hawakujua kwa yakini, waliamini kwa sababu walizokuwa nazo." Akaliandika jibu lile katika daftari yake. Nanyi mwendapo Kalenga, chukueni daftari. Tena mkirudi nyumbani, msiziache barua za babu zenu ziliwe na mchwa, maana kesho mtoto atauliza, "Mlijuaje?"